Tuliwaalika watu wazima kula na samaki: usiku wetu mmoja Kisumu

Kikundi chetu kina watu tisa na mimi ndiye mweka hazina. Tunatunza nyumba ndogo ya samaki upande wa Dunga, nje kidogo ya mji wa Kisumu, ndani ya ghala ambalo zamani lilihifadhi barafu ya wavuvi. Mna matangi 14 ya vioo. Siku za shule wanafunzi huja na walimu wao, kila mtoto analipa shilingi 50, nasi tunanunua chakula cha samaki na kulipa stima. Watu wazima ndio hatukuwapata. Mzazi akija Dunga Jumapili atakula, atapanda mashua, atapiga picha za mafunjo, kisha ataenda zake. Ukimkaribisha ndani anakwambia, "Hayo ni ya watoto."

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kupenda samaki nikiwa mtoto mbele ya matangi ya Makumbusho ya Kisumu, yale yaliyofunguliwa mwaka 1980. Tulipelekwa nikiwa darasa la tano. Nilisimama mbele ya kioo hadi mwalimu akaja kunivuta mkono. Na watu wanaopiga kura, wanaonunua nyavu, wanaoamua samaki gani aingie sufuriani, si watoto.

Mmoja wetu alikuwa amesoma kuhusu San Francisco huko Marekani, ambako California Academy of Sciences, yenye matangi makubwa ya Steinhart ndani yake, hufungua milango Alhamisi usiku kwa wenye umri wa miaka 21 na zaidi. Watu wanaingia baada ya kazi, wanakula, wanasikiliza muziki, wanatazama samaki bila kusukumana na watoto. Tukasema, kwa nini sisi tusiandae chakula cha jioni? Watu 40, shilingi 2,500 kila mmoja, na faida inunue tangi la pili la ngege, samaki wa asili wa ziwa letu, pamoja na betri ya kuendesha pampu stima ikipotea. Ikumbukeni hiyo betri.

Kosa la kwanza lilikuwa bango. Tuliandika kwa herufi kubwa: USIKU WA WATU WAZIMA PEKEE. Simu zilianza siku hiyo hiyo. Mwanamume mmoja alitaka kujua kama wake wa watu wanaruhusiwa. Mama mmoja wa kanisani kwetu alinipigia akiwa na huzuni ya kweli: "Binti yangu, ni biashara gani hiyo umeingilia?" Nilimweleza, akaelewa, lakini wangapi hawakupiga kuuliza? Tulichapisha bango jipya lenye picha ya kamongo na maneno "Chakula cha jioni kwenye nyumba ya samaki, wenye miaka 18 na zaidi". Tiketi zikaanza kutoka. Mkiandaa jambo kama hili, tajeni chakula na samaki kwanza, umri uje mwisho.

Suala la chakula lenyewe lilikula kikao kizima cha saa tatu. Kijana wetu mmoja alishikilia kwamba kumla samaki ukiwa umezungukwa na samaki ni kukosa heshima, tupike kuku na mboga basi. Mama mpishi, ambaye amekaanga samaki ufuoni tangu mimi niko shule ya msingi, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mgeni akija Kisumu usimpe samaki, umempa nini?"

Mimi niliunga mkono upande wa mama, na hadi leo nasimama hapo. Matangi yetu yapo kwa sababu ya ulaji. Nyavu za makila, zile zinazonasa samaki matamvuani, zilipoingia ghuba hii ya Ziwa Victoria mwaka 1905, ngege walikuwa wengi. Kufikia uchunguzi wa uvuvi wa mwaka 1927 hadi 1928 tayari wataalamu walikuwa wakihofia matundu madogo ya nyavu. Mtu akijua yupi anatoka bwawani, yupi anatoka ziwani na yupi amebaki wachache, atakula kwa akili. Basi tuliafikiana: chakula kiliwe nje kwenye tenti, si mbele ya vioo, samaki wawe wa kufugwa pamoja na omena, yaani dagaa wa ziwani, na asipikwe wa aina yoyote iliyomo ndani ya matangi yetu. Jiko tuliliweka nyuma ya ghala, hatua 30 hivi kutoka mlangoni, kwa sababu moshi na mvuke wa mafuta ukiingia ndani hutanda juu ya maji.

Tulipika samaki wa kukaanga na mchuzi, omena wa nyanya na kitunguu, kuku wa kienyeji, ugali wa wimbi, na mboga za osuga (mnavu) na apoth (mlenda). Hesabu yetu ilikuwa kwamba watu 30 watachukua samaki na 10 kuku. Ikawa kinyume. Waliotoka kutazama matangi kabla ya kula, wengi waliomba kuku, akaisha mapema, na mama mpishi akabaki na samaki wanane wazima. Hakuna aliyeudhika, ila pesa ilipotea hapo. Wakila kabla ya kutazama, samaki wataisha. Wakitazama kwanza, zidisha kuku.

Karatasi za vibali nitazieleza kwa ufupi. Anayepika na anayepakua anahitaji cheti cha afya cha washika chakula, na chetu kimoja kilikuwa kimepita miezi sita, ikabidi apimwe upya wiki ile ile. Pombe hatukuuza, kwa kuwa leseni inahitajika hata ukiuza usiku mmoja tu, nasi hatukuwa na muda wala hamu. Anzeni kuzifuata ofisi mwezi mzima kabla, na mweke nauli ya kwenda na kurudi kwenye bajeti. Yetu ilizidi shilingi 2,000.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Wageni walianza kufika saa kumi na mbili u nusu, jua likiingia ziwani, wanawake wamevaa vizuri, wanaume wengine wametoka kazini moja kwa moja. Mlangoni lilitokea jambo ambalo bado linanisumbua. Mama mmoja alikuwa na tiketi yake mkononi na mtoto mchanga mgongoni. Tulikuwa tumesema miaka 18. Kijana wa mlangoni aliniita, nami kwa uoga wa kuonekana tunabagua wageni nikamwambia mama, "Pole dada, sheria ni sheria." Nikamrudishia pesa yake. Aliondoka bila neno. Mtoto anayenyonya hasumbui samaki wala mgeni, na yule mama huenda ndiyo ilikuwa jioni yake ya pekee mwaka huo. Amueni mapema kuhusu watoto wachanga, na muandike kwenye tiketi, msije mkaamua mlangoni kama mimi.

Tuliwaingiza watu kumi kumi. Taa kubwa tulizima, tukaacha ndogo juu ya kila tangi, kwa maana samaki hawana kope za kufumba na giza ndilo pumziko lao. Tuliomba watu wasigonge vioo wala kuwasha mwanga wa simu. Kundi la kwanza lilisimama mbele ya tangi la kamongo, yule mkubwa tuliyempokea akiwa na urefu wa kiganja. Alikuwa amelala chini kama gogo. Mtu mmoja akauliza kama amekufa. Kisha akapanda polepole, akatoa mdomo nje, akavuta hewa kwa mlio kama wa mtu anayekunywa uji wa moto, akashuka tena. Chumba kizima kikanyamaza. Mzee wetu akaeleza kwamba kamongo mkubwa hategemei matamvua, asipofika juu kuvuta hewa atakufa maji kama wewe na mimi, na kwamba kiangazi akikaukiwa hujizika matopeni akingoja mvua.

Kwenye tangi la ngege mzee alikaa zaidi. Aliwaambia kwamba samaki ambaye wengi wao wanamwita ngege sokoni kwa kawaida ni nyamami, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, na kwamba ngege mwenyewe wamebaki mahali kama Ziwa Kanyaboli kule Siaya. Mhasibu mmoja wa makamo alikiri amekula samaki maisha yake yote bila kulijua hilo, akarudi kutazama mara mbili. Jambo kama hilo ndilo tulilolitaka. Kufikia saa mbili nilikuwa nimejaa furaha hadi nikashindwa kula.

Saa mbili u nusu stima ikapotea.

Jenereta tulikuwa tumekodi. Iliwaka baada ya dakika tatu, taa za tenti zikarudi, mpiga nyatiti, kinanda cha nyuzi cha Waluo, akaendelea, watu wakapiga makofi. Nikakaa. Kumbe tuliunganisha tenti tu. Ndani ya ghala pampu za hewa zilikuwa kimya na feni mbili tulizoweka kufukuza mbu zilikuwa zimesimama. Hakuna aliyetambua. Ukizoea mlio wa mapovu huusikii tena, hata ukikoma.

Feni zilipokufa mbu wakaingia. Dunga ni kando ya mafunjo, na mwenye nyumba huku anajua mbu ni malaria, si kero tu. Juu ya hapo, wale vijidudu wa ziwani wanaopaa kama moshi walifuata taa zetu na kuanguka kwenye sahani. Wageni walianza kujipiga miguu. Kijana tuliyemwajiri kubeba viti, kijana mwema kabisa, aliona tunateseka akaamua kusaidia. Alikimbia kibandani, akanunua kopo la dawa ya mbu ya kupuliza, akapuliza chini ya meza. Halafu akaingia ndani ya ghala, akapuliza kila kona, akafunga mlango ili ishike vizuri.

Hakukosea yeye. Hakuna aliyemwambia, na mimi ndiye niliyewaelekeza vibarua asubuhi ile. Nilisema habari za viti, vikombe na choo. Dawa sikuitaja.

Dawa nyingi za mbu zina nguvu ya pareto, ua lile lile lililolimwa sana upande wa Molo na Nakuru, au kemikali za kiwandani zilizoundwa kwa mfano wake. Binadamu huvumilia kiasi kidogo. Samaki hawavumilii, hata chembe ndogo mno majini inatosha kuharibu mishipa yao ya fahamu. Na pampu ya hewa hufanya kazi gani? Huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma majini.

Karibu saa tatu nikakumbuka pampu. Nikamwita fundi, tukavuta waya mrefu kutoka kwenye jenereta, tukaziwasha zote kwa mkupuo. Nilisikia harufu nilipofungua mlango, nikadhani ni manukato ya mgeni. Nilisimama pale nikifurahia mapovu yakirudi. Yaani kwa mkono wangu niliwasukumia sumu.

Tangi la fulu ndilo lililoathirika zaidi, kwa sababu pampu yake ilikuwa chini kwenye kona iliyopulizwa vizuri. Fulu ni wadogo, wana rangi za kupendeza, na ziwani kulikuwa na zaidi ya aina 500 zao kabla ya mbuta, yule samaki mkubwa anayekula wenzake, kuongezeka kwa wingi miaka ya 1980 na nyingi kutoweka. Sisi tulikuwa nao 19. Walianza kuogelea kiubavu, kisha wakawa wanaruka na kujigonga kwenye kioo. Mmoja alikuwa jike lenye mayai kinywani, maana majike ya fulu huatamia mayai mdomoni. Tulikuwa tumemsubiri kwa wiki mbili. Niliona akiyatema. Yalishuka moja moja kama punje za mtama, naye hakuyafuata.

Kosa langu lililofuata lilikuwa uongo. Nilitoka nikatangaza kwamba ghala limefungwa kidogo kwa usafi. Mzee alinifuata, akanishika bega, akasema kwa sauti ya chini, "Binti, hawa wamelipa kuwaona samaki. Waambie samaki wana shida." Nikarudi kusema ukweli, sauti ikitetemeka. Palikuwa kimya. Kisha muuguzi mmoja akavua viatu vyake vya visigino akauliza ndoo ziko wapi.

Watu kama 15 walipanga mstari kutoka kwenye mapipa hadi mlangoni. Mhasibu alikunja mikono ya shati. Kwanza tulizima pampu zote, tukafungua madirisha na milango. Tangi la fulu ni la lita 200. Tulitoa nusu ya maji tukaweka mapya, kisha tukarudia baada ya nusu saa, na kwenye chujio tukaongeza ule mkaa maalumu wa kunyonya sumu. Bahati moja tuliyokuwa nayo ni mapipa mawili ya maji ya bomba yaliyokaa siku mbili yakiwa wazi ili klorini itoke. Maji ya bomba yangemiminwa vivyo hivyo yangewamaliza waliobaki. Mapipa yalipoisha tulichota kwenye tangi la mvua. Kijana aliyepuliza dawa alibeba ndoo nyingi kuliko sote, machozi yakimtoka, hadi mama mpishi akamkalisha chini na kumpa chai.

Wageni wa mwisho waliondoka saa sita usiku, na hapo tukagundua hatukupanga usafiri wa kurudi. Boda zilikuwa chache na wanawake wengine hawakutaka kuzipanda usiku ule. Tulipiga simu kwa wenye tuktuk tunaowajua, tukalipa sisi. Mimi na mzee tulikesha hadi saa kumi, tochi tumeifunika kitambaa, tukihesabu. Fulu saba walikufa, na yule jike alikuwa miongoni mwao. Ngege walinyong'onyea siku mbili, wakarudi kula. Kamongo, aliye katika chumba cha pili, hakuwa na habari.

Hesabu ya fedha ni hii, maana niliwaahidi wenzangu kwamba sitaficha. Watu 34 walilipa kabla. Wengine 12 walisema watalipa mlangoni, tukawaongezea viti. Tisa walilipa, watatu bado wananiambia kesho. Jumla ikawa shilingi 107,500. Chakula kilichukua 38,400, tenti na viti 14,500, karatasi na nauli zake 11,300, nyatiti 8,000, jenereta 6,000, taa 4,200, walinzi 3,000. Pampu mbili za kubadilisha, mkaa wa chujio na zile tuktuk zilifika 7,600, usafi na maji 3,500. Zilibaki 11,000. Tulitarajia 40,000. Asiyelipa kwa simu kabla ya siku ya chakula msimpikie. Hili linauma kulisema katika mji ambao watu wanajuana, lakini sahani yake inalipwa na samaki.

Betri tumenunua, ya mtumba, kwa zile 11,000 na mchango wa mhasibu. Inaendesha pampu pekee, haina hata balbu moja. Tangi la pili la ngege litasubiri. Tumeshona vyandarua vya madirisha na pazia la chandarua mlangoni, na mtu yeyote anayekuja kufanya kazi, hata ya saa moja, anaonyeshwa kwanza pampu inavutia hewa wapi. Dawa ya kupuliza, ya kuchoma, ya kuchomeka ukutani, zote haziingii kiwanjani. Wageni wanapaka ya ngozini kwao kabla ya kuja, na wananawa kabla ya kukaribia matangi.

Tunaandaa usiku mwingine, na mara hii tiketi ni 24 tu. Watakula kwanza saa kumi na mbili, watatazama baadaye, na saa tatu taa za ndani zinazimwa samaki walale. Tiketi inasema wazi: miaka 18 na zaidi, isipokuwa mtoto anayenyonya. Nimempigia yule mama. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kamongo bado yupo. Nikamwambia yupo. Amesema atakuja.